Mizani ya Mama Hortense

Mwaka ule wa 1994, mjini Likasi nchini Zaire, wazazi waligawana walimu. Mshahara wa serikali ulikuwa umegeuka kitu cha kusimuliwa, na noti ambazo wazazi walizikusanya kila mwisho wa mwezi zilipoteza thamani kabla hazijafika mkononi mwa mwalimu. Komite ya wazazi ikakaa, ikabishana, ikaamua kwamba kila mwalimu apewe mzazi mmoja wa kumlisha. Séraphin, mwalimu wa Kifaransa, alipewa muuza makaa. Mwalimu wa jiografia alipewa mwanamke wa samaki wakavu. Fidèle Numbi, mwalimu wa hesabu wa mwaka wa pili, akapewa Mama Hortense wa unga, mwenyekiti wa komite yenyewe, na wenzake wote wakasema ameangukia pazuri.

“Weye uko na unga ya bukari, minye niko na moto,” Séraphin alimwambia katika chumba cha walimu. “Tuoane tu, Numbi. Hakuna bibi atatushinda.”

“Na mboga?”

“Mboga tutamwomba mwalimu wa religion. Aombe ku Mungu.”

Walicheka, kwa sababu saa nne asubuhi bado mtu aliweza kucheka hata kama hajala. Kisha Fidèle akachukua kipande chake cha muhogo mkavu, maana chaki haikuwapo tena Likasi kwa bei ya mwalimu, akaenda darasani. Kile kipande alikitoa nyumbani kila asubuhi, na kila asubuhi mkewe Angèle alikifuata kwa macho mpaka mlangoni.

Alikuwa mwalimu wa aina inayochosha watu. Hakupiga, hakutukana, lakini hakukubali jibu kwa sababu ni sahihi tu. Siku ile aliandika ubaoni x + 3 = 7 akamwita Fortunée, binti wa Mama Hortense, msichana mrefu ambaye wenzake walimwita Mutoto ya Unga.

“Moins trois, natoa tatu, Profesa,” alijibu Fortunée bila kusita. “Ikivuka ngambo, inabadili alama. x iko ine.”

“Inavuka nini?”

“Ile égale, alama ya sawa.”

“Égale iko mupaka? Kuko douanier pale ya kuomba ushuru?”

Darasa likacheka. Fortunée hakucheka, kwa sababu hakuzoea kuchekwa.

“Juu ya nini inabadili alama?” Fidèle akauliza tena, akitaka sababu.

“Njo vile balitufundisha.”

“Najua balikufundisha. Nauliza juu ya nini.”

Watoto arobaini na kitu waliijua ile kanuni kwa moyo kama Baba Yetu, na hakuna hata mmoja aliyeweza kusema ilitoka wapi. Mwalimu mwingine angeendelea mbele, kwa sababu programu ilikuwa ndefu na inspekta alihesabu kurasa. Fidèle aliweka muhogo wake juu ya meza.

“Kwenu kuko mizani, Fortunée?”

“Kuko. Ya vitanga mbili.”

“Imesimama sawa. Ukitoa kintu ku upande moja, inafanya nini?”

“Inaanguka ule mwingine.”

“Na weye unataka ibaki sawa.”

“Basi nitoe vilevile ku ule mwingine.” Akautazama ubao. Halafu akasema polepole, kama mtu aliyegundua kwamba amekuwa akidaiwa nauli asiyostahili kulipa: “Kumbe ile tatu haivuke.”

“Haivuke. Haina miguu.”

“Naitoa pande zote mbili.”

“Pande zote mbili.”

“Basi balitudanganya, Profesa.”

“Hawakukudanganya. Balikukatia njia, ukafika bila kuona njia yenyewe.”

Fidèle alirudi nyumbani akitembea haraka siku hiyo, na viatu vyake vilivyofungwa kwa waya havikumsumbua. Alikuwa amewapa kazi ambayo haikuwa katika kitabu chochote: kila mmoja alete équation ya kwao, kitu cha nyumbani kisichojulikana uzito au idadi, na aseme jinsi ya kukipata.

 

Alasiri Mama Hortense alikwenda kwenye maombi, na Fortunée akabaki peke yake dukani. Alikuwa akitafuta équation. Alichukua pakiti ya chumvi iliyofungwa kiwandani, iliyoandikwa gramu 500, akaiweka kwenye kitanga cha bidhaa. Upande wa pili akaweka jiwe la 500. Chumvi ikaanguka. Akaongeza jiwe la 100, na mizani ikasimama.

Alijua kitu kilichokuwa chini ya kile kitanga. Kwa miaka alikuwa akikisafisha na kukihisi kwa vidole, kipande cha chuma kilichobandikwa kwa lami. Hakuwahi kuuliza, jinsi mtu asivyouliza juu ya kovu la mama yake. Lakini alasiri hiyo, kwa mara ya kwanza, kipande kile kilikuwa na idadi. Mtoto hakufikiria wizi. Alifikiria x, na furaha aliyoipata ilikuwa safi kabisa.

Kesho yake alikuwa wa kwanza kuinua mkono. Aliandika kwa herufi kubwa:

x + 500 = 600
x + 500 − 500 = 600 − 500
x = 100

“Cinq cents njo chumvi,” alieleza, akiwageukia wenzake kama mwalimu. “Six cents njo mawe ya kupimia. x njo ile kintu iko chini ya kitanga. Natoa cinq cents huku, na natoa cinq cents kule, juu mizani ibaki sawa. Inabaki x yeye moja, na mia moja.”

“Kintu gani iko chini ya kitanga?” akauliza mvulana mmoja wa nyuma, Guylain.

“Chuma.”

“Kitanga ya nani?”

“Ya kwetu.”

Watoto waligeukiana. Halafu Guylain akasema, “Basi unga ya kwetu iko na x ndani,” na kelele iliyozuka ilisikika mpaka kwa préfet, mkuu wa shule.

Mtu mwenye busara ya kawaida angefuta ubao pale pale. Fidèle alikuwa amesimama kando ya dirisha lisilo na kioo, na alichosikia yeye ni kwamba mwanafunzi ametoa kutoka pande zote mbili na kusema kwa nini. Alikuwa amengoja neno hilo kwa miaka.

“Juste, sahihi,” alisema, akiusogelea ubao. “Juste kabisa, Fortunée.”

 

Jua lilipozama, soko zima lilikuwa limejua. Wanawake waliokuja kununua walisema, “Nipimie kilo moja, Mama Hortense, lakini x ubaki nayo.” Mmoja aliinama mbele ya watu na kupapasa chini ya kitanga. Mwingine alileta pakiti yake ya chumvi kutoka nyumbani. Siku iliyofuata mbele ya duka hapakuwa na mtu, na Mama Hortense alikaa nyuma ya magunia yake, mikono mapajani, akiwaangalia wateja wake wakipanga mstari kwa jirani yake. Chini ya kitanga cha jirani kulikuwa na chuma kikubwa kuliko chake.

Mwisho wa wiki unga wa mwalimu haukufika. Angèle alichukua beseni lake akaenda mwenyewe. Walikuwapo wanawake watatu waliokuja kutazama zaidi kuliko kununua, na Mama Hortense alimwacha Angèle asimame.

“Bwana asifiwe, Mama Jenny,” alisema hatimaye. “Umekuja kwa unga?”

“Njo, Mama. Ile ya prime, malipo ya mwalimu.”

“Lakini unga yangu iko na x. Utalisha batoto x?”

Wale wanawake wakacheka. Angèle aliangalia beseni lake.

“Mama, minye sikusoma hiyi mambo. Minye naomba tu.”

“Enda uambie bwana yako akupimie ku mizani yake. Ile ya mu kilasi. Banasema ile haidanganye muntu.”

Angèle alirudi na beseni tupu, amelifunika kwa kitenge ili majirani wasijue kama limejaa au la.

 

Préfet Édouard aliwaita Fidèle na Mama Hortense ofisini. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na miaka miwili tu kabla ya kustaafu, na hakuwa na hakika kama kustaafu bado kulikuwapo. Mama Hortense alikaa kwenye kiti pekee cha wageni. Fidèle alisimama.

“Fortunée asifukuzwe mu kilasi, hapana,” Mama Hortense alisema. “Sitaki points pia. Akianguka, aanguke kama batoto ya bengine. Minye nataka kintu kimoja. Profesa asimame mbele ya batoto aseme ile calcul, ile hesabu, ilikuwa faux, ya makosa. Batoto njo balipeleka maneno ku soko, batoto njo batairudisha.”

“Mama,” Fidèle alisema, “minye sikufundisha mutoto juu ya mizani yako. Nilimufundisha égalité.”

“Égalité yako imefunga duka yangu.”

“Unaweza kutoa ile chuma.”

Mama Hortense hakukasirika. Alimtazama kama mtu anavyomtazama mtoto aliyeuliza kwa nini mvua hainyeshi.

“Ile gunia minye nainunua ku grossiste, muuza jumla, Profesa. Ananipimia na chuma yake. Juu ya gunia kuko unyevu, juu ya camion ku njia kuko askari ya barrière ya kulipa. Nikitoa ile yangu, nauza hasara tangu asubuhi. Bwana yangu iko nyumbani, kampuni haimulipe, haimufukuze. Niko na batoto saba. Na weye pia nakulisha. Ile unga uliyokula mwezi mzima, unafikiri ilitoka wapi? Ilitoka mu x.”

Fidèle akamgeukia préfet.

“Calcul iko juste, Préfet. Nikisema faux, huyu mutoto hataelewa tena kintu.”

“Numbi,” Édouard alisema kwa upole, “ni sentensi moja. Hata jina la mama usitaje. Unasema kulikuwa kosa, unaendelea na somo. Nani atakumbuka?”

“Yeye atakumbuka.”

“Basi chagua. Komite inaweza kukupa mzazi mwingine, kama yuko anayekutaka.”

Hakuwapo. Fidèle alizunguka kwa wazazi aliowajua. Muuza makaa alisema anamlisha Séraphin na huyo anamtosha. Mwanamke wa samaki alimkaribisha kwa kicheko: “Minye pia niko na mizani, Profesa. Pita mbali.” Alikwenda kwa miguu mpaka Kamatanda, pembezoni mwa mji, kutafuta kazi ya kubeba magunia. Msimamizi aliitazama mikono yake, akamwambia arudi kufundisha watoto, akaona kwamba anamtendea wema.

 

Nyumbani walikula mara moja kwa siku, halafu wakala majani ya sombe, yaani kisamvu, bila ugali wa kuyashika. Jenny, binti mkubwa, aliacha kwenda shule kwa sababu alianguka njiani kwa njaa. Mdogo, Guy, miguu yake ilivimba, nywele zikaanza kuwa nyekundu. Angèle akasema ni malaria, na Fidèle akakubali haraka kwamba ni malaria, kwa sababu malaria humpata kila mtu.

Walimpeleka kwenye dispansari. Muuguzi, Clémentine, alikuwa amesoma kwa Fidèle zamani. Alibonyeza mguu wa mtoto kwa kidole, shimo likabaki. Akamvuta mwalimu wake pembeni, nyuma ya pazia, ili wagonjwa wengine wasisikie.

“Profesa, huyu mutoto hana malaria.”

“Tumpe dawa gani?”

“Chakula.” Alikuwa akitazama sakafu. “Pardon, Profesa.”

Walirudi kwa miguu. Karibu na nyumba Angèle alisimama, akamhamisha mtoto kutoka bega moja kwenda jingine.

“Baba Jenny, ile neno yako ya juste. Nani anakulipa juu yake?”

“Hakuna.”

“Basi sema faux. Mwaka ingine utasema tena juste.”

“Mwaka ingine Fortunée hatakuwa na kintu ya kusimamia.”

“Batoto banasahau.”

“Wengine njo. Huyu hapana. Anaamini kila kintu nasema, Mama Jenny. Njo balaa yenyewe. Tangu nimeanza kufundisha, sijawahi kusema juste wakati haiko juste. Na yeye anajua hivyo.”

“Na Guy?” Angèle alisema. “Guy anajua nini?”

Hakupandisha sauti. Aliingia ndani, akamlaza mtoto kwenye mkeka, na Fidèle akabaki uani amesimama mpaka jirani akamuuliza kama amepoteza kitu.

 

Asubuhi ya Jumatatu gunia la unga la mwalimu lilikuwa tayari limeegemezwa kwenye mlango wa ofisi ya préfet. Mama Hortense alikaa kwenye benchi la mwisho darasani, katikati ya wavulana, amevaa kitenge chake cha ibada. Édouard alisimama mlangoni. Fidèle alikuwa amepanga maneno yake njiani: atayasema mwanzoni, kwa sauti ya kawaida, kisha aingie moja kwa moja kwenye somo jipya, mtu asipate nafasi ya kuuliza.

“Kabla ya kuanza,” alisema. “Ile équation ya mizani ya mwezi uliopita. Nilisema juste. Nilikosea. Ilikuwa faux. Sasa, fungueni kwenye chapitre ya…”

Wavulana wa nyuma walimtazama Mama Hortense, wakatazama madawati yao. Jambo lingeweza kuishia hapo. Lakini mkono wa Fortunée ulikuwa juu.

“Faux wapi, Profesa?”

“Tutaona siku ingine. Kaa.”

“Profesa, unasemaka tusikae bila kujua juu ya nini.”

Hakusema kwa ukaidi. Alikuwa tayari amesimama, na Fidèle, ambaye kwa miaka yote hakuwahi kumkatalia mtoto ubao, hakujua namna ya kuanza kukatalia. Fortunée akaja mbele. Akaandika upya mistari mitatu, polepole, jinsi ilivyokuwa. Akarudi nyuma hatua chache, akaitazama.

“Cinq cents iko muzuri,” alijisemea. “Imeandikwa ku pakiti.” Akamwangalia mwalimu. Mwalimu alikuwa akiangalia dirisha. “Six cents iko muzuri, nilipima mara mbili.” Akahesabu kwa vidole 600 kutoa 500. Akahesabu tena. Watoto walimtazama jinsi wanavyomtazama mwenzao anayetafuta sarafu aliyoidondosha. Mtu yeyote angeweza kumsaidia na hakuna aliyemsaidia.

Mtoto mwingine angekata tamaa na kwenda kukaa. Mwingine angesema, Profesa, haina kosa. Fortunée hakuweza kufikiri hivyo, kwa sababu yule mtu hakuwahi kumwambia uongo. Kama amesema kuna kosa, basi kosa lipo, na yeye ndiye asiyeliona. Uso wake ulianza kubadilika. Mambo aliyokuwa na hakika nayo, akaanza kuyagusa moja moja kama mtu anayepita nyumbani kwake gizani.

“Ao ni hapa?” aliuliza. Kidole chake kilikuwa kwenye mstari wa pili, kwenye − 500 ya upande wa kulia. “Nimetoa mara mbili. Huku, na huku tena. Haifae kutoa pande zote?”

Fidèle alifungua mdomo. Mlangoni Édouard alikohoa. Nje, mbele ya mlango wa ofisi, kuku wa shule alikuwa ameanza kudonoa kona ya gunia, na mtu alikuwa akimfukuza.

“Njo, ni hapo,” Fidèle alisema.

Fortunée alifuta − 500 ya kulia kwa kiganja. Akafuta na mia moja. Akaandika:

x + 500 − 500 = 600
x = 600

“Vile?”

Kwenye benchi la nyuma, Mama Hortense alikuwa akisoma ubao. Alikuwa ameacha shule ya msingi kabla ya kuimaliza, lakini alipima kila siku ya maisha yake, na alijua kwamba hakuna chuma cha gramu 600 kinachoweza kubandikwa chini ya kitanga chochote. Aliona pia uso wa binti yake. Akainamisha kichwa, akaanza kukunja na kukunjua pindo la kitenge chake.

“Vile,” alisema Fidèle.

Fortunée alitazama kazi yake kwa muda. Halafu akatoa pumzi, na mabega yake yakashuka, kama mtu aliyetua mzigo.

“Sasa nimeelewa, Profesa,” alisema. “Merci.”

Akaenda kukaa. Watoto wakafungua madaftari, wakainama, wakaanza kunakili. Fidèle alisimama kando ya ubao na kitambaa mkononi. Hakuwa na desturi ya kufuta kabla mwanafunzi wa mwisho hajamaliza kuandika, na wengine katika darasa lile waliandika polepole sana. Akawangoja.